Njia ya Mizinga ya Baba

Bonde la Vézère, Ufaransa
12 Machi 1995

Dada Esteria,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Kabungu? Baba hajambo? Nisalimie baba mdogo Gelasius na Osward wake, na wote wanaouliza habari zangu. Asiyeuliza usimsalimie. Sisi huku wazima. Mtoto ameota meno mawili, anamng'ata kila anayemkaribia. Tumemwita Lucia, kama marehemu mama.

Najua nimekaa mwaka mzima bila kuandika, na najua umeshanisema kwa kila mtu hapo kijijini. Sawa, nimekosa. Nipige kofi siku nikifika.

Dada, nimepata kazi, na ukiisikia utacheka mpaka ukae chini. Naendesha baiskeli. Mkwe wangu, baba yake Séverine, ana baiskeli thelathini, za matairi manene yenye meno. Watu wanatoka mijini, madaktari, walimu, mwanasheria mmoja mwenye kitambi, wanakuja kwake apate kuwachosha. Nyumbani mtu anapanda baiskeli kwa sababu ana gunia la mahindi la kupeleka Mpanda. Hawa hawabebi kitu. Siku ya kwanza nilimuuliza mzee, "Wanakwenda wapi?" Akasema, "Wanakwenda, halafu wanarudi." Mimi naendesha nyuma kabisa, naziba pancha, naunga cheni, namsukuma mwanasheria mlimani.

Njia zenyewe ni za changarawe, zinafuata mto bondeni, halafu zinapanda msituni, halafu zinarudi mtoni. Kuna madaraja ya mawe ya zamani na vinu vya maji visivyosaga tena. Asubuhi ukungu unalala juu ya mto na majani yaliyoloa yanatelezesha tairi. Changarawe zikilia chini ya gurudumu nasikia kama niko kwetu, ila hapa hakuna ndorobo wa kuniuma shingoni.

Sasa sikiliza. Jioni wageni huwa wananiuliza kwetu kukoje. Juzi nikawaeleza njia ya mizinga ya Baba, ile ya siri ya kwenda kwa nyuki wake. Waliacha kula wote, hata mwanasheria. Lakini nilipofika kijito cha pili nikakwama. Baba alinitembeza mara moja tu, nina miaka kumi na tano, mvua ikaturudisha. Je, baada ya hapo njia inapita wapi? Si kwa lolote, ni kumbukumbu tu.

Mdogo wako,
Nathanael

---

Kabungu
7 Mei 1995

Mdogo wangu Nathanael,

Milele amina. Barua yako imefika imechanika pembeni kama imepigana njiani. Nimefurahi, halafu nimekasirika, halafu nimefurahi tena kwa ajili ya Lucia. Mama angecheka. Kofi lako lipo, nimeliweka.

Huku mahindi si haba. Osward ameoa, binti wa Katumba anaitwa Libérate, mpole, anajua kulima kuliko yeye. Baba mdogo Gelasius kama kawaida yake, akipiga chafya anataka kikao cha ukoo. Baba mzima. Anakula, anagomba, anasema chumvi haitoshi.

Kumbe mtu anaweza kula mshahara kwa kumsukuma mwanasheria! Nimemsomea Baba pale mkweo aliposema "wanakwenda, halafu wanarudi." Baba amesema hao ni wagonjwa, na wewe wasikuambukize.

Kuhusu njia, wewe unajua na mimi najua kwamba njia ya mizinga haisemwi mtu akiwa amekaa. Baba alisema alivyoambiwa na babu: husemwa mkitembea, kwa mmoja tu, na miguu ndiyo inayokumbuka. Halafu unaniuliza mimi. Mimi mwanamke njia ya mizinga nitaijulia wapi?

Unarudi lini? Hilo hujaandika.

Dada yako,
Esteria

---

Bonde la Vézère
2 Julai 1995

Dada mpenzi,

Shikamoo, kwanza, maana naona barua iliyopita nilisahau. Mpe Osward hongera. Nimeweka picha. Huyo mwenye kofia kama ganda la kobe ni mimi.

Kiangazi cha huku ndio kimeanza. Wiki iliyopita tulivuka mto mara sita kwa siku moja, mara nyingine baiskeli begani, maji mpaka magotini, baridi ya kukata mfupa. Halafu msitu, kilometa kumi na mbili bila kuona paa la nyumba. Wageni walipiga kelele za furaha kama watoto. Lakini mzee anasema wameanza kuchoka, wanataka bonde lingine. Wamelizoea hili.

Dada, usinione msumbufu. Nakuuliza kidogo tu. Iloba, kile kijito cha pili, kinakuwa na maji mwezi wa saba? Mchanga wake mgumu au unazama? Nikilala najaribu kuipita ile njia kichwani na kila mara naishia pale. Baba ana umri. Akiondoka kesho njia nzima inakwenda naye kaburini, na mimi ndiye niliyetakiwa kuijua. Wewe hiyo haikuumi?

Nathanael

---

Kabungu
10 Septemba 1995

Nathanael,

Nyumbani tupo. Libérate ana mimba. Picha yako nimeiweka ukutani, watu wanaingia wanauliza huyu askari ni nani.

Umeniuliza kama hainiumi. Basi nitakuambia niliyokuficha, na uyasome ukiwa umetulia.

Baba haoni. Nimeshaandika, basi. Jicho la kushoto lilianza wewe ukiwa Karema unamfukuzia huyo nesi wako Séverine, la kulia likafuata. Hataki ijulikane. Akitoka nje anashika ukuta na kujifanya anakagua udongo. Na ninyi mlipoondoka, mizinga arobaini na miwili ilikuwa msituni, na hakuna mwingine anayeijua. Ikabidi anichukue mimi.

Tunaondoka alfajiri, nimebeba debe na kamba, Osward na baba yake wanajua tunakwenda kuchanja kuni. Mimi natangulia, nimeshika ncha moja ya fimbo, yeye kashika nyingine. Ananiuliza, "Mti wenye tundu umefika?" Nasema umefika. "Basi shika kulia." Miaka miwili sasa, Nathanael. Nimepanda ile miti kwa kamba, nimefukiza moshi, nimeng'atwa mpaka uso ukavimba, nikawaambia watu nimeumwa jino. Naijua njia yote kuliko ninavyoijua sala ya Nasadiki. Siku moja baada ya kurina Baba alikaa chini ya mti, akalamba kidole, akasema, "Ningejua ningeanza na wewe."

Mwakani mwezi wa saba, siku ya kugawa asali, ataita ukoo aseme kwamba njia ni yangu. Unaelewa maana yake? Tangu niachike mimi hapa ni mgeni kwa baba yangu mwenyewe. Siku Baba akifumba macho, Gelasius atasema shamba la Osward, nyumba ya Osward, na mimi nichukue ndoo yangu niende. Nikiwa na njia hawanigusi, maana asali ya ukoo itatoka mkononi mwangu.

Lakini Gelasius hatakubali hivi hivi. Atasema mrithi ni Nathanael. Kwa hiyo nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba: waandikie wazee barua kwamba umeniachia. Weka sahihi. Wewe una baiskeli zako na mito yako. Mimi nina hiki kimoja.

Usimwambie mtu yeyote habari ya macho ya Baba.

Esteria

---

Bonde la Vézère
29 Oktoba 1995

Dada,

Nimelia, sikufichi. Baba yetu kipofu na mimi huku nasafisha cheni! Msalimie bila kumwambia kwamba najua.

Barua ya wazee nitaiandika. Hilo lisikusumbue hata kidogo, umestahili kuliko mimi. Ila nielewe na mimi. Mtu anaachaje kitu asichokijua? Niandikie njia yote, toka barabarani mpaka mzinga wa mwisho, nijue ninachokupa. Na wewe ukiumwa ghafla je? Lazima iwepo mahali. Weka na umbali, na sehemu zenye mteremko, na mahali pazuri pa kulala. Nataka kuiona yote.

Ukinitumia tu, na mimi nawatumia wazee.

Mdogo wako anayekupenda,
Nathanael

---

Kabungu
14 Januari 1996

Nathanael,

Mwaka mpya mwema. Libérate amejifungua mtoto wa kike, Osward alitaka wa kiume, amenuna siku mbili tu. Mvua nyingi. Baba ana kikohozi, si kibaya.

Barua hii nimeizunguka toka Noeli. Nilikuwa nakaa mezani, nashika kalamu, mkono unagoma. Njia haisemwi mtu akiwa amekaa. Mwisho nimepata akili. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, na nikimaliza mstari napiga hatua mbili tatu hapa chumbani halafu narudi. Ukinicheka shauri yako. Baba yuko nje anamenya mihogo. Ananiuliza kelele gani, namwambia natafuta mwiko.

Haya, tembea.

Unaacha barabara ya Mpanda penye daraja la mbao, kabla ya shamba la tumbaku lililoachwa. Kijito cha kwanza, Kansenga, unakivuka, hicho unakijua. Iloba ndipo ulipokwama, na kila mtu anakwama, kwa sababu wanavuka. Usivuke. Ingia ndani ya maji, fuata kijito kwenda juu. Kiangazi maji yanafika kifundo cha mguu, mchanga mgumu. Ndiyo siri yote hiyo: mguu ndani ya maji hauachi alama. Babu alikaa miaka arobaini watu wakimfuata na kupotea. Tembea mpaka uone mwamba mweupe unaovuja maji pembeni. Panda ukingo wa kulia. Hapo unaingia miyombo mikubwa, majani mapya yakichipua yanakuwa mekundu na chini panakuwa pekundu pia. Mwendo wa kama saa moja, mteremko mpole, halafu miti inafunguka na unaliona bonde. Nathanael, ukiliona utanyamaza. Mto unapinda mara tatu, na mizinga yetu iko kwenye kila mpindo, huku kumi na minne, huku kumi na sita, huku kumi na miwili. Pa kulala ni mpindo wa pili, kuna ujani na upepo unafukuza ndorobo. Moto usiwashe. Moshi mmoja wa bahati mbaya na nyuki wanahama.

Nimemaliza. Miguu inauma kama nimekwenda kweli. Nimeogopa sana kuandika haya. Wewe ndiye mtu pekee ambaye ningemwandikia.

Sasa zamu yako.

Esteria

---

Bonde la Vézère
3 Machi 1996

Dada,

Imefika. Nimeisoma mara tatu, na Séverine nimemsomea, amesema unaandika vizuri kuliko vitabu. Asante, asante, asante. Lucia anatembea, anaangusha vyombo vyote.

Barua ya wazee iko mezani, nasubiri tu nafasi nikae niiandike kwa utulivu. Tuna kazi nyingi mno kipindi hiki, nitakueleza.

Nathanael

---

Kabungu
19 Mei 1996

Nathanael,

Hatujambo. Nimekwenda posta Mpanda mara tatu kwa miguu. Yule dada wa dirishani ameshanijua, akiniona anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Ukoo unakaa mwezi wa saba, tarehe ishirini na moja. Gelasius ameanza maneno. Anasema asali ya Baba inatoka kwa miguu ya nani, maana Baba mwenyewe anaongozwa na ukuta. Bila karatasi yako Baba atasema jina langu na watamcheka mbele yangu.

Kuandika "nimemwachia dada yangu" inachukua muda gani? Maneno matatu! Ningekutajia herufi moja moja ungekuwa umeshamaliza.

Esteria

---

Kabungu
28 Julai 1996

Nathanael,

Sikusalimii. Nitaeleza kwa mpangilio, ili usije ukasema hukuelewa.

Tarehe tatu walishuka Mpanda kwenye treni ya Tabora wazungu saba na baiskeli saba za matairi ya meno. Mji mzima ulitoka kuangalia. Watu wakasema, hawa wanatafuta dhahabu. Maana nani anatoka Ulaya na baiskeli kuja kuzungukazunguka porini bila kutafuta dhahabu? Wakaja mpaka daraja la mbao, wakaingia kushoto. Mimi nilisikia, nikafikiri bahati mbaya.

Osward alikuwa msituni anamsaidia Masunga, yule mfugaji wa juu, kutafuta ng'ombe aliyepotea. Akawakuta Iloba. Hawakuvuka. Walikuwa wanasukuma baiskeli kwenda juu, wengine ndani ya maji, wengine wamechoka kulowa wanapita kwenye mchanga wa ukingoni. Na wa mwisho kabisa, nyuma yao, alikuwa mtu mweusi mwenye kofia kama ganda la kobe.

Osward alikuita kwa jina. Mara mbili. Ukamjibu kwa Kifaransa.

Ulilala mpindo wa pili siku tatu. Hapo nilipokuandikia pana ujani. Kutoka hapo mpaka kwa Baba ni mwendo wa nusu siku, na kwa baiskeli yako sijui dakika ngapi. Baba yako haoni, unajua haoni, hukuja kumshika mkono. Mlirudi Mpanda mkapanda treni. Watu wote walikuona isipokuwa sisi.

Nyie mlipoondoka, waliowaza dhahabu wakaingia. Hawakuhitaji kuuliza. Alama za matairi zilikuwa wazi toka barabarani mpaka mzingani. Dhahabu hawakuiona, wakaona asali. Kupanda hawajui, wakakata miti. Miyombo ya babu, Nathanael, wameiangusha na mashoka ili washushe mzinga mmoja! Imebaki mizinga tisa. Nyuki wako hewani hawana pa kwenda.

Hadi hapo hakuna aliyenishuku. Wote walisema ni wewe, mwanamume, ulitembezwa na Baba zamani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Halafu siku ya kikao Osward akatoa karatasi moja ya rangi ambayo mzungu mmoja alimpa kama zawadi. Ina picha ya mto na ramani. Juu yake kuna herufi kubwa. Gelasius hajui Kifaransa lakini jina analisoma. Piste d'Esteria, yaani njia ya Esteria. Akaliweka mbele ya kila mzee, mmoja mmoja, wakaligusa kwa kidole.

Ilikuwa ndiyo siku ambayo Baba angesema jina langu mbele ya ukoo.

Gelasius akasema kikulacho ki nguoni mwako, na mwanamke hafichi hata mimba. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliuliza, "Esteria, ni wewe?" Nikasema ni mimi, nilimwandikia Nathanael, nilimwamini. Hakuuliza tena. Mizinga tisa wamempa Osward aihamishie anapojua yeye. Mimi nimekatazwa kuvuka Kansenga.

Baba sasa anatembea kwa kupapasa. Nikimnyooshea fimbo haishiki.

Nilikuomba karatasi moja yenye sahihi. Ukaandika nyingine. Kwa nini?

Esteria

---

Bonde la Vézère
15 Septemba 1996

Dada Esteria,

Barua hii isome peke yako, tafadhali. Usimsomee Baba.

Nimekosa. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Huku mimi ni mume wa Séverine, yule mweusi wa kuziba pancha. Kila jioni mezani mzee anasema biashara inakufa, wageni wamechoka bonde moja, halafu wananitazama wote kama wananiuliza, na wewe ulikuja na nini? Siku nilipowaeleza kuhusu mto wetu unaopinda mara tatu, mzee aliinuka akanimiminia divai kwa mkono wake. Miaka mitatu hajawahi. Nilitaka tu nikae na kitu changu mkononi.

Barua ya wazee sikuiandika kwa sababu ningeiandika, njia isingekuwa yangu ya kuwaonyesha. Hilo ndilo jibu. Nimeliandika na kulifuta mara nyingi, safari hii naliacha.

Jina niliweka kwa heshima yako. Nakuapia. Niliwaambia wageni hii ni njia ya dada yangu, hodari kuliko wanaume. Walikunywa kwa afya yako pale mpindo wa pili. Nilifikiri siku moja ukiona jina lako kwenye karatasi ya Ulaya utafurahi. Ya dhahabu na mashoka ningejuaje?

Kwa Osward Kifaransa kilinitoka chenyewe. Nikisema Kiswahili ningetakiwa kuja nyumbani, na nikija nyumbani Baba angeniuliza nimepita wapi. Usiku ule wa pili nilitembea mpaka kwenye mwamba mweupe, peke yangu, nia yangu nije. Nikarudi. Niliogopa, dada.

Sasa nataka kurekebisha. Mwakani mwezi wa sita kuna kundi la watu kumi na wawili. Tunahitaji mpishi anayelijua pori. Njoo uwe wewe, utakuwa na kazi yako, Gelasius hatakugusa. Na kama lile bonde limeharibika, Baba alikuwa anataja njia nyingine ya babu, ya upande wa Karema, inayoshukia ziwani. Unaijua? Hata nusu yake tu. Safari hii tutafanya vizuri, hatutaacha alama.

Mdogo wako,
Nathanael

---

Kabungu
3 Novemba 1996

Nathanael,

Mvua za kwanza zimenyesha. Libérate na mtoto wazima. Mimi mzima.

Barua yako sikuisoma peke yangu. Miaka yote hii nimemsomea Baba barua zako huku nikiruka ruka, pale panapouma napita, pale ulipokosa naweka salamu. Mara hii nimemsomea kila neno, na mezani pa wakwe zako, na divai, na kwamba ulifika mwamba mweupe ukageuka. Nilipofika kwenye njia ya Karema nikanywa maji, nikaendelea.

Ugali wake ulipoa bila kuguswa, macho kayafumba. Nilidhani amelala. Halafu akasema, "Chukua kalamu. Usibadilishe neno."

Nimechukua. Haya ni yake:

"Nathanael. Nilikuwa na watoto wawili. Nimebaki na mmoja, na huyo mmoja naye simwambii kitu tena."

Nilimuuliza kama niishie hapo. Akasema nimsomee kwanza, asikie kama nimeandika sawa. Nimemsomea, kwa sauti, yote mpaka mwisho. Amesema ndivyo.

Esteria